Jinsi ya kupima kikosi cha MLB Showdown kabla hujakipeleka mezani

Maswali kuhusu MLB Showdown, mchezo wa besiboli wa kadi na kete, huwa yaleyale. "Nina wapigaji watano wa homurani, mbona napigwa kila siku?" "Kadi ya pointi 500 si lazima iizidi ya 300?" "Nani aanze kupiga?" Badala ya kumjibu kila mtu kivyake, nimeandika hapa namna ninavyopima timu yangu mwenyewe. Mara ya kwanza itakuchukua jioni nzima. Ukishazoea, ni nusu saa.

Kwa wewe uliyerithi boksi la kadi na hujui limetoka wapi: mchezo huu ulitolewa na kampuni ya Wizards of the Coast kuanzia mwaka 2000, ukasimama mwaka 2005. Kila kadi ni mchezaji halisi wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani, na kwa kadi za kawaida namba zake zinatokana na alichofanya msimu uliotangulia. Hazichapwi tena, lakini wanaozicheza bado wapo, na ndio wanaoniuliza.

Andaa hivi kwanza

- Kadi zako 20, pamoja na zile ulizoziacha nje. Utazihitaji, niamini.
- Kete ya pande 20.
- Karatasi, penseli na kikokotoo. Simu inatosha kwa kikokotoo, ila mahesabu yaandike kwenye karatasi ili uyaone yote kwa pamoja.
- Kanuni mnazozifuata nyinyi. Hapa nachukulia mtindo wa kawaida: kadi 20 kwa jumla ya pointi 5,000 (pointi ndiyo bei ya kila kadi). Kati ya hizo, 9 ni wapigaji wa kuanza (wanane wenye nafasi uwanjani na mmoja wa kupiga tu), 4 ni warushaji wa kuanza, angalau mmoja ni mrushaji wa akiba, na waliobaki wanakaa benchi. Mpigaji wa benchi analipiwa sehemu moja tu ya tano ya pointi zake, kwa hiyo kadi ya pointi 250 ikikaa benchi inakula 50.

Kadi za mbinu (zile zisizo za wachezaji, za kufanyia hila mchezo ukiendelea) ziweke kando kwa sasa. Timu mbovu haiponi kwa kadi za mbinu.

Nadharia, kidogo tu

Kila mpigaji anapokuja, kete hurushwa mara mbili. Mara ya kwanza anarusha mwenye mrushaji, anajumlisha Kontroli ya mrushaji wake (namba iliyo kwenye kadi ya mrushaji), kisha jumla inalinganishwa na Onibesi ya mpigaji (namba iliyo kwenye kadi ya mpigaji). Jumla ikizidi Onibesi, chati ya mrushaji (jedwali la matokeo kwenye kadi yake) ndiyo itakayotumika. Ikiwa sawa au pungufu, inatumika chati ya mpigaji. Kete ya pili inasoma matokeo kwenye chati iliyoshinda: auti (mpigaji katolewa), besi ya bure (anapewa bila kupiga), besi moja, besi mbili, besi tatu au homurani (pigo linalomzungusha mpigaji besi zote hadi nyumbani).

Kutokana na hapo unapata hesabu moja ambayo mwongozo huu wote umeikalia: Onibesi ukitoa Kontroli ndiyo idadi ya nyuso za kete, kati ya 20, zinazompa mpigaji chati yake. Onibesi 10 dhidi ya Kontroli 4 ni nyuso 6. Maana yake mara 14 kati ya 20 mpigaji wako anasomwa kwenye chati ya adui, hata awe nani.

Hatua ya 1: Tandaza kadi kwa nafasi, majina yafunike

Panga wapigaji 9 kama wanavyosimama uwanjani, warushaji pembeni, benchi chini. Kisha funika majina kwa kipande cha karatasi. Sitanii. Barry Bonds alipiga homurani 73 mwaka 2001 na Pedro Martínez alikuwa tishio mwaka 1999, na sisi wanaofuatilia mchezo huu tukiona majina hayo akili inaacha kuhesabu. Kete haijui jina la mtu.

Ukiwa hapo hapo, angalia kwamba kila mmoja anacheza nafasi iliyoandikwa kwenye kadi yake. Utashangaa ni timu ngapi zinafika mezani bila mdakaji halali.

*Kosa la kawaida:* kuchanganya kadi za miaka mbalimbali na kuzisoma kama zimepimwa kwa mizani moja. Linganisha kadi za seti moja kwanza, halafu ndipo uvuke kwenda seti nyingine, na ukivuka soma chati nzima badala ya kutazama Onibesi peke yake.

Hatua ya 2: Andika namba tatu za kila mpigaji

Kwa kila mpigaji andika Onibesi, idadi ya nafasi zinazomfikisha besi kwenye chati yake (yaani 20 ukitoa auti), na idadi ya nafasi za homurani. Basi. Besi mbili na tatu utazitazama baadaye kama kuna wawili wanaolingana.

Nikupe mfano wa kadi mbili za kubuni, tutakwenda nazo hadi mwisho.

Kadi A: Onibesi 10. Auti 1–4, besi ya bure 5–9, besi moja 10–16, besi mbili 17–18, homurani 19–20. Kwa hiyo: 10, 16, 2.

Kadi B: Onibesi 8. Auti 1–2, besi ya bure 3–5, besi moja 6–12, besi mbili 13–16, homurani 17–20. Kwa hiyo: 8, 18, 4.

Ukimwonyesha mgeni kadi hizi mbili atachukua B. Chati yake inang'aa: auti mbili tu, homurani nne. Mimi niliijaza timu yangu ya kwanza kadi za namna hiyo, wapigaji saba kati ya tisa.

Hatua ya 3: Wapitishe kwa warushaji wawili, wa kawaida na mkali

Hapa ndipo kazi ilipo, usiiruke. Tengeneza mrushaji wa kupimia: chati yake auti 1–16, besi ya bure 17, besi moja 18–19, besi mbili 20. Yaani nafasi 4 kati ya 20 zinamwacha mtu afike besi. Mpe kwanza Kontroli 3, kisha Kontroli 6.

Njia ni hii: chukua nyuso za mpigaji (Onibesi ukitoa Kontroli), zidisha kwa nafasi zake za kufika besi. Chukua nyuso zilizobaki, zidisha kwa 4. Jumlisha. Jibu ni kati ya 400, kwa kuwa kete mbili za pande 20 zina michanganyiko 400.

Kadi A dhidi ya Kontroli 3: 7 × 16 = 112, kisha 13 × 4 = 52. Jumla 164 kati ya 400, sawa na asilimia 41.

Kadi B dhidi ya Kontroli 3: 5 × 18 = 90, kisha 15 × 4 = 60. Jumla 150, sawa na asilimia 37.5.

Kumbe A anafika besi zaidi, pamoja na auti zake nyingi. Sasa homurani: A ana 7 × 2 = 14 kati ya 400, B ana 5 × 4 = 20. Hapo B yuko mbele, na kwa mrushaji wa kawaida pointi zake unaweza kuzitetea.

Mlete sasa mwenye Kontroli 6. A: 4 × 16 = 64, na 16 × 4 = 64, jumla 128, asilimia 32. B: 2 × 18 = 36, na 18 × 4 = 72, jumla 108, asilimia 27. Na homurani? A: 4 × 2 = 8. B: 2 × 4 = 8. Zimelingana! Zile homurani nne ulizomlipia B zimeyeyuka, kwa sababu chati yake haifunguliwi. Ni sawa na kuwa na sanduku la dhahabu ambalo ufunguo wake kashika jirani.

Ndiyo iliyonipata mimi na wapigaji wangu saba. Mwenzangu alileta mrushaji wa Kontroli 6 na nikamaliza iningi tisa (vipindi vyote vya mchezo) bila mkimbio (alama) hata mmoja, huku nikilaumu kete.

Kanuni ya mkono ninayoitumia tangu hapo: kwa mpigaji wa aina ya A dhidi ya mrushaji wa kawaida, pointi moja ya Onibesi inaongeza 12 kati ya 400, wakati nafasi moja ya auti ikigeuzwa kuwa besi inaongeza 7 tu. Kwa hiyo Onibesi moja ni karibu sawa na nafasi mbili za chati. Soma namba kwanza, chati baadaye.

Fanya hesabu hii kwa wote tisa na uandike majibu mawili pembeni ya kila mmoja. Wapigaji ambao asilimia yao inaporomoka sana kutoka Kontroli 3 kwenda 6, wawekee alama. Timu inaweza kubeba wawili, watatu ukilazimika. Wakizidi hapo umejenga timu ya kuwafunga wanyonge.

Hatua ya 4: Wapime warushaji kwa kichwa tofauti

Wengi wakishajifunza uzito wa Onibesi wanahamishia somo hilohilo kwa Kontroli. Siyo sawa kabisa, na sababu ni rahisi: mpigaji huifungua chati yake mara chache, lakini mrushaji huifungua ya kwake mara nyingi. Kwa hiyo kwa mrushaji chati ina uzito mkubwa zaidi.

Chukua warushaji wawili. Wa kwanza ana Kontroli 5 na auti 1–15. Wa pili ana Kontroli 3 na auti 1–18. Waweke mbele ya Kadi A:

Wa kwanza: 5 × 16 = 80, na 15 × 5 = 75. Jumla 155.
Wa pili: 7 × 16 = 112, na 13 × 2 = 26. Jumla 138.

Yule wa Kontroli 3, ambaye watu humpita kwenye boksi bila kumtazama mara mbili, anaruhusu watu wachache zaidi. Lakini usikimbilie kumchukua kabla hujaangalia homurani. Mbele ya Kadi B, wa kwanza anaruhusu homurani 3 × 4 = 12 kati ya 400 kwenye chati ya mpigaji, wa pili 5 × 4 = 20. Kontroli inakukinga na pigo kubwa, chati nzuri inakukinga na msururu wa watu kwenye besi. Kundi lenu likipenda wapigaji wa aina ya B, Kontroli inapanda thamani. Likipenda wa aina ya A, chati inapanda.

Kwa makadirio ya haraka, nichukulie Kontroli moja ni sawa na nafasi moja ya auti kwenye chati ya mrushaji. Hesabu ya kadi za kawaida inakuja karibu hapo.

Angalia pia auti zake ni za aina gani. Auti za straiki (mpigaji katolewa bila kuupiga mpira uwanjani) hazihitaji msaada wa mtu. Mpira wa chini unahitaji ulinzi wa ndani, na wakati mwingine unakuzalia auti mbili kwa mpigo. Mpira wa juu unampa mkimbiaji wa besi ya tatu nafasi ya kujaribu kwenda nyumbani. Liandike, maana utalihitaji hatua ya 6.

Hatua ya 5: Hesabu iningi zako hadi 9

Kila mrushaji ana namba ya iningi. Akiivuka, Kontroli yake inashuka kwa 1 kila iningi. Inaonekana ndogo. Mrushaji wa Kontroli 4 mwenye iningi 6, ukimwacha hadi iningi ya 8, anarusha kwa Kontroli 2. Kwa chati ya auti 1–16, Kadi A anatoka asilimia 38 hadi 44 mbele yake. Na huo ndio wakati ambao mchezo unaamuliwa.

Andika kwa kila mrushaji wa kuanza: iningi zake, kisha nani atazijaza zilizobaki hadi 9. Mwenye 7 anahitaji mbili. Mwenye 5 anahitaji nne, na hapo mrushaji mmoja wa akiba hatoshi. Ukikuta warushaji wako wote wanne wana iningi 5 au 6 na una mrushaji mmoja tu wa akiba, usiendelee na hatua nyingine. Rudi kwenye boksi.

*Kosa la kawaida:* kununua mrushaji wa kufunga mchezo wa bei kali sana kwa iningi moja, na kuacha iningi ya 7 na ya 8 wazi. Wawili wa kati na kati wanafaa kuliko mmoja mkali, isipokuwa warushaji wako wa kuanza wanafika iningi 8.

Hatua ya 6: Jumlisha ulinzi

Uwanja wa ndani: jumlisha namba za besi ya kwanza, besi ya pili, shotistopu (anayelinda kati ya besi ya pili na ya tatu) na besi ya tatu. Uwanja wa nje: jumlisha za wale watatu. Mdakaji ana mkono wake peke yake, wa kuzuia wanaoiba besi.

Jumla ya ndani inatumika adui akiwa na mtu besi ya kwanza na mpigaji wao akatoa mpira wa chini, auti zikiwa bado hazijafika mbili. Unarusha kete, unaongeza jumla yako. Ukizidi kasi ya mpigaji, ni auti mbili kwa mpigo. Kasi ni A yenye thamani 20, B yenye 15 na C yenye 10.

Ulinzi wa ndani wa +8 dhidi ya mpigaji wa kasi 15: unahitaji 8 au zaidi, nyuso 13 kati ya 20. Ulinzi wa +4: unahitaji 12 au zaidi, nyuso 9. Pointi nne za ulinzi zimekupa asilimia 20 zaidi, lakini kwenye tukio hilo tu. Ndiyo maana nasema ulinzi uende na warushaji. Kama chati zao zimejaa mpira wa chini, gharamia ulinzi wa ndani. Kama zimejaa straiki, weka mpigaji mzito besi ya tatu na ulale usingizi.

Kwa uwanja wa nje hesabu ni hiyohiyo, ila mkimbiaji anaongezewa 5 akienda nyumbani na 5 nyingine zikiwepo auti mbili. Mkimbiaji wa kasi 15 anayekwenda nyumbani na auti mbili anafikia 25, kwa hiyo ulinzi wa nje wa +6 unahitaji 20 kamili kumtoa. Mzee wa kasi 10 anayejaribu kutoka besi ya kwanza hadi ya tatu bila nyongeza, ulinzi uleule unamtoa kwa 5 au zaidi. Utaona basi kwamba ulinzi wa nje kazi yake kubwa ni kumtisha adui asijaribu. Usiulipie sana.

Hatua ya 7: Panga zamu za kupiga

Chukua majibu ya hatua ya 3. Wenye asilimia kubwa ya kufika besi waanze, na kati yao mwenye kasi atangulie. Wenye homurani nyingi wakae wa tatu, wa nne na wa tano. Kadi A kwangu ni wa kwanza au wa pili bila mjadala. Kadi B ni wa nne au wa tano.

Jihadhari na jambo moja. Usiweke mpigaji wa kasi C mwenye mpira wa chini mwingi nyuma ya watu wanaofika besi sana. Mbele ya ulinzi wa ndani wa +8, kasi 10 inageuka auti mbili kwa mpigo kwenye nyuso 18 kati ya 20. Anazima moto mlioukoka nyinyi wenyewe. Mshushe hadi wa saba.

Nafasi ya nane na ya tisa sina la kusema. Weka waliobaki.

Hatua ya 8: Uliza pointi zimekwenda wapi

Sasa ndiyo tunatazama bei. Jumlisha makundi manne: wapigaji wa kuanza, warushaji wa kuanza, warushaji wa akiba, benchi. Mgawanyo ninaouanzia mimi ni 2,900 kwa wapigaji 9, 1,400 kwa warushaji 4 wa kuanza, 450 kwa watatu wa akiba na 250 kwa wanne wa benchi. Siyo sheria, ni mahali pa kusimamia uanze kusogeza.

Huwa kuna ubishi hapa: je, inafaa kutoa pointi nyingi kwa mrushaji ambaye atacheza mchezo mmoja kati ya minne? Tuhesabu. Michezo minne ina iningi 36. Mrushaji wa iningi 7 anazishika 7, karibu asilimia 19 ya wapigaji wote wa adui. Mpigaji mmoja yuko kila mchezo, lakini anapata zamu moja kati ya tisa, asilimia 11. Kwa hiyo hata anayecheza kwa zamu, mrushaji wa kuanza bado anagusa mchezo kuliko mpigaji. Mkiwa mnacheza mchezo mmoja tu na unajichagulia nani aanze, pengo linakuwa kubwa mno, na hapo mrushaji mkali ananunulika karibu kwa bei yoyote.

Lakini kama kwenu anayeanza huamuliwa na kete kati ya wale wanne, kuwa na mmoja mkali na watatu wa kuokoteza ni kamari. Mara tatu kati ya nne utaanza na okotezi.

Hatua ya 9: Benchi

Benchi ndiyo sehemu ya bei rahisi kuliko zote, na ndiyo wengi wanaitupa. Pointi 50 zinakuletea mpigaji wa 250. Mambo mawili ninayotafuta: mwenye Onibesi kubwa wa kuingia dhidi ya mrushaji wa kufunga, na mwenye kasi A wa kumkimbilia mzee aliyefika besi. Kama nafasi ipo, mdakaji wa pili. Hakikisha kanuni zenu zinaruhusu mtu wa benchi kuingia kuanzia iningi ya ngapi, kwa sababu aliyetoka harudi.

Hatua ya 10: Cheza iningi tisa peke yako

Rusha kete dhidi ya yule mrushaji wa kupimia mwenye Kontroli 6. Usiandike matokeo ya mchezo. Andika ni mara ngapi chati ya mpigaji wako ilifunguka, na ni nani hakufungua hata mara moja. Iningi tisa ni chache mno kuthibitisha chochote, ila zinakuonyesha kwa macho kile ambacho karatasi ilikuambia kwa namba. Mimi hapo ndipo huwa nakubali kumtoa mtu niliyekuwa namng'ang'ania.

Ikiwa bado mambo hayaendi

*Watu wanafika besi lakini mikimbio haiji.* Angalia zamu za kupiga kabla ya kubadili kadi. Mara nyingi kuna kasi C wa tatu au wa nne. Kama hayupo, huna homurani za kutosha katikati: badili Kadi A mmoja kwa Kadi B mmoja, usizidishe.

*Naongoza hadi iningi ya 6, kisha napinduliwa.* Rudi hatua ya 5. Unamwacha mrushaji avuke iningi zake kwa sababu "bado anarusha vizuri". Harushi vizuri, kete ndiyo imekupenda kidogo.

*Nawashinda wote isipokuwa mmoja.* Huyo mmoja ana Kontroli kubwa. Hesabu wale uliowawekea alama hatua ya 3 na umtoe mmoja, si lazima wote.

*Nimezidi pointi 60 na sitaki kumtoa mtu.* Jaribu kwanza kumshusha mpigaji wa kuanza aliye dhaifu kuliko wote hadi benchi na kupandisha wa bei nafuu. Kadi ya 200 ikishuka benchi inakula 40, umeokoa 160. Wa benchi wa 100 akipanda anaongeza 80, maana tayari ulimlipia 20. Umebaki na akiba ya 80 na hujapoteza kadi hata moja. Kabla ya kufunga hesabu, hakikisha tu kwamba aliyepanda ana nafasi hiyo kwenye kadi yake.

*Hesabu zangu zinazidi 400.* Nyuso ulizogawa zimezidi 20, au nafasi ulizohesabu kwenye chati zimezidi 20.